Makazi ya wanyamapori ndani ya shamba linalozalisha: anza na kilichobaki

Maeneo yaliyotengwa kisheria kwa ajili ya hifadhi yanafika takriban asilimia 17 ya nchi kavu yote duniani. Kilimo na ufugaji vimechukua zaidi ya theluthi moja. Ndiyo maana ndege, popo, swala, vyura na nyuki wengi wanaishi, wanapita au wanazaa kwenye ardhi yenye mwenyewe, ardhi ambayo lazima ilishe familia na kulipa madeni. Mwongozo huu ni wa huyo mwenye ardhi. Hautakuambia uache kulima wala upunguze mifugo hadi ubaki huna kitu. Mhifadhi aliyefilisika huuza ardhi, na mnunuzi anaweza kuja na tingatinga.

Kuna kosa moja ninaloliona mara nyingi. Mtu akipata hamu ya kuhifadhi, anakimbilia kununua miche. Miche ina wakati wake, lakini si huu. Kichaka kilichosalia nyuma ya shamba, mti mkongwe wenye tundu, bonde linaloshika maji miezi michache kwa mwaka: hivyo ni vigumu kuvitengeneza upya, na ndivyo vinavyopotea wakati sisi tunahesabu miche. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zinafuata mpangilio huu: tambua kilichopo, acha kukiharibu, kiunganishe, kisha ndipo uongeze.

Hatua ya 1: Lijue shamba lako upya

Chukua siku mbili, moja ya kiangazi na moja ya masika, au majira yoyote mawili yanayotofautiana sana mahali ulipo. Tembea alfajiri na tena jua linapozama, kwa sababu saa sita mchana karibu kila kiumbe kimejificha. Chora ramani kwa mkono au chapisha picha ya setilaiti, kisha weka alama kwenye kila kitu ambacho hujakilima: miti mikongwe, miti iliyokauka ikiwa bado imesimama, vichuguu, miamba, chemchemi, madimbwi ya msimu, kingo za kijito, pembe ambazo trekta haiwezi kugeuka, na vijia vilivyochongwa na kwato au nyayo.

Ziara ya kiangazi ndiyo inayosema kweli. Wakati wa mvua kila mahali pana majani na maji, na wanyama wametawanyika. Ardhi ikikauka utaona wanakokimbilia. Sehemu hizo chache ndizo roho ya shamba lako, na mara nyingi ni ndogo kuliko ulivyodhani.

Waulize pia wachungaji na majirani wenye umri. Wanajua mnyama gani alikuwa akipita wapi kabla uzio haujawekwa, na kumbukumbu hiyo haimo kwenye setilaiti yoyote.

Hatua ya 2: Chagua wachache, utafute wanachokosa

Huwezi kuwahudumia viumbe wote kwa mpango mmoja. Chagua watatu au wanne wanaokuhusu: labda ndege anayetaga chini kwenye nyasi, bundi anayekula panya wako, nyuki wa porini wanaochavusha mazao yako, na swala anayepita kwenda majini. Kwa kila mmoja uliza maswali manne. Anakula nini? Anakunywa wapi? Anajificha wapi adui anapokuja au jua linapochoma? Anazaa wapi?

Ukikuta matatu yapo na moja halipo, hilo moja ndilo linalompunguza. Kuongeza chakula kwa ndege asiye na mahali pa kutaga hakumletei kifaranga hata mmoja. Bundi, kwa mfano, anaweza kuwa na panya tele shambani na bado asikae, kwa kuwa hakuna mti wenye tundu wala dari tulivu ya kutagia. Hapo sanduku moja la kiota lililofungwa juu ya nguzo au ndani ya ghala linaweza kufanya zaidi ya ekari nzima ya mimea mipya.

Hatua ya 3: Acha kwanza kuharibu

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na gharama yake ni ndogo. Nitakaa hapa kidogo.

Anza na miti. Tundu kubwa la kutosha bundi au mnyama mdogo halitokei kwa miaka kumi. Kwa mikalitusi ya asili huko Australia, matundu yanayofaa wanyama huanza kuonekana mti ukiwa na umri wa miaka mia moja na zaidi. Kwa hiyo mti mkongwe uliopinda, usiofaa mbao, ndio wa kuulinda kwa nguvu zote. Mti uliokufa ukiwa umesimama nao uache, isipokuwa kama utaangukia nyumba, njia au uzio. Gome lake linalobanduka huwapa popo malazi, na kuni utakazopata kwake zitaisha kwa wiki chache. Magogo yaliyoanguka yaviringishe hadi pembezoni badala ya kuyachoma.

Kisha angalia kabati la dawa. Mwaka 2004 watafiti waligundua kilichokuwa kikiwaua tumbusi kusini mwa Asia: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyokuwa wakipewa ng'ombe. Ng'ombe aliyetibiwa akifa muda mfupi baadaye, mzoga wake huwa sumu kwa tumbusi, na figo zao hushindwa kufanya kazi. Aina tatu za tumbusi zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006, na meloksikamu ikapendekezwa badala yake kwa kuwa haiwadhuru ndege hao. Hakuna mfugaji hata mmoja aliyekusudia kuua tumbusi. Walikuwa wakimtibu ng'ombe. Kila ninapoisoma habari hii nafikiria chupa ngapi tunazo sote rafuni ambazo hatujawahi kuuliza zinaishia kwenye tumbo la nani.

Chupa za kuulizia zinajulikana. Sumu ya panya inayozuia damu kuganda haimuui panya papo hapo. Hutembea siku kadhaa akiwa dhaifu, na bundi, mwewe au paka-mwitu humla pamoja na sumu yake. Ziba matundu ya ghala, tumia mitego, ondoa nafaka iliyomwagika, na sumu iwe njia ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi na ndani ya kisanduku kilichofungwa. Dawa za minyoo za aina ya ivamektini hutoka na kinyesi cha ng'ombe zikiwa bado na nguvu, na hudhuru mbawakawa wanaozika kinyesi hicho, mbawakawa ambao wanarutubisha udongo wako bure na kupunguza nzi. Tibu ng'ombe waliopimwa na kukutwa na minyoo badala ya kundi zima kwa kalenda. Dawa za wadudu usizinyunyizie mimea ikiwa na maua, na acha ukanda usiopuliziwa kati ya zao na kijito au kichaka. Chambo chenye sumu kwa ajili ya fisi au chui kisiwepo shambani kwa hali yoyote. Kinaua kila kinachokula nyama, mbwa wako wakiwemo, na mahali pengi ni kosa la jinai.

Mwisho wa hatua hii ni muda. Ndege wanaotaga chini hupoteza mayai na vifaranga kwa sababu ya mashine iliyopita wiki moja kabla ya wakati. Jua majira ya kutaga ya eneo lako na ucheleweshe ukataji wa nyasi angalau kwenye sehemu moja ya shamba hadi makinda yaweze kuruka. Ukilazimika kukata mapema, anzia katikati ya shamba uelekee nje. Ukianza pembezoni ukizunguka kwenda ndani, unawasukuma makinda kwenye kisiwa kidogo cha nyasi katikati, na mzunguko wa mwisho unawamaliza. Huko Uskoti, kukata kwa namna hii pamoja na kuchelewesha tarehe ni miongoni mwa hatua zilizosaidia ndege mmoja wa nyasini aliyekuwa akitoweka kuanza kuongezeka tena. Endesha polepole, na acha kipande cha mwisho bila kukatwa.

Hatua ya 4: Maji

Kingo za kijito zina viumbe wengi kuliko sehemu yoyote nyingine ya shamba, na ndizo ng'ombe wanazozikanyaga zaidi. Acha ukanda wa uoto wa asili pande zote mbili. Mita 10 tayari zinazuia udongo na mbolea nyingi zisiingie majini. Ukiweza kufika mita 30 au zaidi, unawapa wanyama na ndege mahali pa kuishi na njia ya kupita. Usikate tamaa kama unaweza mita 5 tu mwaka huu. Anza nazo, na uzipanue pale mto unapopinda, kwa sababu hapo hata zao lako linasombwa na mafuriko kila mara.

Mifugo ipelekewe maji kwenye hori mbali na mto, au iachiwe mlango mmoja wenye mawe mahali ambapo ukingo ni imara. Ng'ombe wanaokunywa maji safi horini huponea magonjwa mengi na ukingo unapata nafuu. Hapo umepata kitu kwa pande zote mbili, na mabadiliko ya namna hiyo ndiyo yanayodumu.

Lakini hori lenyewe ni mtego. Ndege, popo na wanyama wadogo huja kunywa, hutumbukia, na kuta zake laini haziwaruhusu kutoka. Mnyama aliyezama hufanya maji yaoze na mifugo ikatae kunywa. Dawa yake ni ngazi ndogo ya wavu wa chuma au ya mawe yaliyojengewa. Inainama kwa nyuzi zisizozidi 45, inafika hadi sakafuni ili isaidie hata maji yakipungua, na lazima igusane na ukuta wa hori. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Mnyama anayezama hasogei katikati. Huogelea akifuata ukuta akizunguka. Ngazi iliyosimama peke yake katikati ya hori ataipita mara kumi bila kuigusa, na mwishowe ataishiwa nguvu sentimita chache kutoka mahali pa kujiokoa.

Madimbwi ya msimu usiyafukie wala kuyachimba yawe mabwawa ya kudumu. Kukauka kwake ndiko kunakowafukuza samaki, na pasipo samaki mayai ya vyura hayaliwi.

Hatua ya 5: Uzio

Kwanza uliza kama uzio unahitajika. Seng'enge kuukuu iliyolala nyasini hainufaishi mfugo yeyote, ila hukata miguu. Ikunje, uitoe, na siku hiyohiyo utakuwa umefanya kazi ya uhifadhi.

Pale unapohitajika kwa ng'ombe, vipimo hivi hutumiwa sana na huruhusu swala na wanyama wa jamii hiyo kupita:

- Waya wa juu usizidi takriban mita 1, uwe laini bila miba.
- Nafasi kati ya waya wa juu na wa pili iwe sentimita 30, ili mnyama anayeruka asinaswe mguu kati yao.
- Waya wa chini uwe laini na uinuliwe sentimita 40 hadi 45 kutoka ardhini, kwa wale wanaopita chini kwa kutambaa.

Kondoo na mbuzi watapenya hapo, kwa hiyo kwao tumia wavu kwenye eneo dogo la karibu na zizi badala ya kuzungushia shamba zima. Kwenye mapito uliyoyaona katika hatua ya 1, weka lango la waya linaloweza kulazwa chini miezi ambayo mifugo haipo upande huo. Mahali ndege wakubwa wanaruka chinichini, ning'iniza vipande vyeupe vya plastiki kwenye waya wa juu ili wauone kungali giza.

Hatua ya 6: Malisho

Kanuni ambayo wafugaji wengi wanaijua ni kula nusu na kuacha nusu. Jani ndilo linalolisha mzizi. Likikatwa lote, mzizi hudhoofika, na mvua inayofuata inaondoka na udongo. Gawanya malisho katika vipande, hamisha mifugo kabla nyasi hazijaisha, na ukipe kila kipande muda wa kupona. Muda huo hutegemea mvua zaidi kuliko tarehe.

Kwa wanyamapori kuna jambo la ziada. Usitafute malisho yaliyolingana kote. Wapo ndege wanaotaka nyasi fupi ili waone adui, na wapo wanaotaka ndefu ili wasionekane. Acha kipande kimoja kila mwaka kipumzike msimu mzima wa kuzaa, na mwaka unaofuata kiwe kingine. Shamba likionekana kama shuka lenye viraka, uko kwenye njia nzuri.

Mimea vamizi iondoe, lakini kwa mpango. Anza palipo safi zaidi ukielekea palipovamiwa zaidi, maana huko pasafi mimea ya asili bado ina nguvu ya kujaza pengo. Na kama kichaka kivamizi ndicho maficho pekee yaliyobaki, kiondoe kwa vipande, miaka kadhaa, huku kingine kikikua.

Hatua ya 7: Sasa unganisha na uongeze

Sasa miche. Itazame ramani yako na utafute pengo lililo fupi zaidi kati ya vipande viwili vya uoto. Hapo ndipo ua wa miti na vichaka vya asili unapotakiwa: mistari miwili au mitatu, aina mbalimbali zinazochanua na kuzaa matunda kwa nyakati tofauti, chini pakiachwa nyasi. Kuunganisha visiwa viwili hufaa kuliko kuotesha kimoja kipya mbali.

Ndani ya shamba la nafaka kuna njia mbili za bei nafuu zilizojaribiwa Uingereza. Ya kwanza ni tuta la nyasi za mafungu katikati ya shamba kubwa, lenye upana wa mita 2 hivi na kimo cha nusu mita. Mbawakawa na buibui walao wadudu hukaa humo zao likiwa halipo, kisha husambaa zao linapoota na kula vidukari. Ya pili ni viraka vidogo visivyopandwa, vya mita 4 kwa 4, viwili kwa kila hekta, ambavyo huwapa vipozamataza, ndege wadogo wanaotaga chini, mahali pa kutua na kutafuta wadudu. Mavuno unayopoteza kwenye viraka hivyo ni kidogo mno.

Hatua ya 8: Hasara isikuelemee peke yako

Ukiwakaribisha wanyama watakuja na wale usiowataka. Ukidharau hili, mwaka mbaya mmoja unatosha kubomoa kila ulichojenga, na sitamlaumu mtu aliyepoteza mbuzi kumi usiku mmoja.

Zizi la usiku liwe imara, lenye mlango usiopenyeka. Mashambulizi mengi hutokea mifugo ikilala nje au ikiwa imepotea. Mbwa waliokuzwa na mifugo tangu wakiwa wadogo hufanya kazi kubwa: nchini Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wakulima mbwa wa kulinda mifugo tangu mwaka 1994, ili mkulima asiwe na sababu ya kumpiga duma risasi. Kwa tembo, uzio wa mizinga ya nyuki uliobuniwa Kenya hufunga mizinga kila baada ya mita 10 kwa waya mmoja; tembo akiusukuma, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hurudi nyuma. Mkulima huvuna asali. Zao linalopendwa na wanyama usilipande likigusana na kichaka. Weka kati yao zao wasilolijali, kama pilipili.

Hatua ya 9: Karatasi

Kabla ya kutia saini mkataba wowote wa uhifadhi, ujue unaingia katika aina gani. Kuna malipo ya muda: Marekani ilianzisha mwaka 1985 mpango wa kuwalipa wakulima kupumzisha ardhi dhaifu kwa mikataba ya miaka 10 hadi 15, na Costa Rica hulipa wenye misitu tangu mwaka 1997. Na kuna vizuizi vya kudumu vinavyoandikwa kwenye hati, ambavyo humfunga hata atakayenunua au kurithi. Vyote vinaweza kuwa vizuri. Ila cha pili hakirudi nyuma, kwa hiyo wakae mezani wote watakaorithi, na mwanasheria awe wako, asiwe wa anayekuletea mkataba.

Uliza haya na upate majibu kwa maandishi: ni kazi zipi za shamba zinabaki kuruhusiwa? Nani anakuja kukagua, na kwa taarifa ya siku ngapi? Malipo yakichelewa kuna nini? Ukame ukilazimisha kulisha mifugo kwenye eneo lililotengwa, utaratibu ni upi? Mkataba usio na kifungu cha ukame haujaandikwa na mtu anayefuga.

Zungumza na majirani pia. Pito la wanyama halijui mpaka, na wenye ardhi watatu waliokubaliana kuacha ukanda mmoja hupata kitu ambacho hakuna kati yao angekipata peke yake. Huko magharibi mwa Marekani, kuanzia mwaka 2010, wafugaji wengi walijiunga kwa hiari kurekebisha malisho na kuweka alama kwenye nyaya kwa ajili ya ndege mmoja wa vichakani aliyekuwa akipungua. Mwaka 2015 serikali iliamua kutomweka kwenye orodha ya walio hatarini, na juhudi hizo za ardhi binafsi zilikuwa sehemu ya sababu. Kwa wafugaji hao, uamuzi huo uliwaepusha na masharti makali.

Hatua ya 10: Andika

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chagua sehemu tano, zipige picha ukisimama palepale, tarehe ileile, kila mwaka. Chagua njia moja ya kilomita moja, uitembee alfajiri mara nne kwa mwaka na uandike ulichokiona na kukisikia. Kamera ya kujipiga yenyewe ikipatikana, ifunge kwenye pito au karibu na hori. Andika na mvua, la sivyo mwaka wa ukame utaulaumu mpango wako bure.

Usihukumu kabla ya miaka mitatu. Wadudu hurudi kwanza, mara nyingi msimu uleule, ndege hufuata, wanyama wakubwa huchelewa. Mwaka wa tatu ukifika na kware wako hawajaongezeka, usipande kitu kipya. Rudi kwenye ramani ya kiangazi na yale maswali manne, kisha nenda ukakae kimya kwa saa moja alfajiri karibu na mahali unapodhani wanataga. Huenda ukagundua kwamba njia ya ng'ombe kwenda horini inapita katikati yake, na kazi ya mwaka huo ikawa kuhamisha mlango mmoja tu.